Hili si turubai, ni tanga

Mwanza ukipiga kigingi ardhini, mara nyingi jiwe ndilo linalokujibu. Nimezaliwa Kirumba, nimekulia vilima vya Mabatini, mahali ambapo nyumba zimekaa juu ya mawe na kuta nyingine zimeyaegemea. Wageni hulipiga picha Jiwe la Bismarck wakaenda zao. Sisi tunaobaki tunachimba msingi kwa nyundo na tindo, na jabali likigoma tunaliwashia moto mpaka lipasuke. Nilidhani nayajua mawe ya mji huu. Sikujua kwamba siku moja yangehusika na mkono wa mtoto wa jirani yangu.

Kazi yangu ni uwakala wa bima. Nina leseni, nina meza moja na viti viwili kule Nyegezi, na wateja wangu wengi ni wenye bodaboda, daladala na kirikuu. Wanakuja kukata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, kwa sababu sheria inawataka na trafiki anaikagua. Wachache wanakata bima kubwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukaa mbele yangu akasema, "Dada, nataka bima ya bonanza." Na mimi sikuwahi kumwambia mtu kwamba kitu hicho kinawezekana. Nililiona kuwa jambo la matamasha makubwa, la watu wenye jukwaa na taa. Kumbe kulikuwa na bonanza la mtaa wetu, na katibu wa kamati yake nilikuwa mimi mwenyewe.

Lilikuwa la kuchangia matundu ya vyoo ya shule ya msingi. Tulipanga mpira wa wazee na vijana, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku, na kikundi cha bugobogobo kutoka upande wa Kisesa. Kwa ajili ya watoto tulikodi lile jumba la hewa la kurukia, ambalo watoto wetu wanaliita jampingi kaso. Kila mtoto alilipa shilingi 500 kwa dakika kumi. Mtunza hazina alikuwa amepiga hesabu na kuona kwamba jumba hilo peke yake lingeleta fedha kuliko kiingilio cha mpira. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Watoto walipanga foleni kabla hata halijasimama.

Kijana mwenye jumba alifika saa mbili asubuhi na kirikuu chake. Alilikunjua, akaunganisha blowa kwenye jenereta, na lile turubai likaanza kuinuka taratibu, kona moja baada ya nyingine, mpaka minara ikasimama. Kisha akatoa vigingi vinne vya nondo. Cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliingia nusu. Cha tatu kilikwenda shubiri moja tu kikagonga jiwe. Alipoendelea kupiga kikapinda kama mshumaa uliokaa juani. Cha nne hakukijaribu. Kamba moja aliifunga kwenye mlingoti wa goli, nyingine akaizungusha kwenye jiwe ambalo vijana wanne walilibiringisha kutoka pembeni ya uwanja. "Hili zito, mama," aliniambia, "haliendi kokote." Nilikuwa na daftari la michango mkononi, na akili yangu ilikuwa kwenye viti, maana vilikuwa vimepungua ishirini. Nikaitikia kwa kichwa.

Ilipofika saa saba na nusu ikaja chamchela. Kila mtoto aliyesoma kwenye viwanja vya vumbi vya Kanda ya Ziwa anaijua. Wakati wa kiangazi, jua likichoma ardhi tupu, upepo unaanza kuzunguka mahali pamoja, unakusanya vumbi na majani makavu, unatembea uwanjani kama mtu aliyepotea njia, kisha unakufa. Wengine wanaikimbia wakisema ni shetani, wengine wanaikimbilia wasimame katikati yake. Hiyo ya siku ile ilitoka upande wa barabara, ikavuka mstari wa kati wa uwanja, ikaingia chini ya jumba. Upande uliofungwa kwenye jiwe ukainuka. Haukwenda juu sana. Nakumbuka uliinuka kimo cha mtu mzima, ukakaa hewani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, ukarudi chini. Ndani kulikuwa na watoto 14. Idadi hiyo niliipata baadaye, kwa kuwauliza mmoja mmoja, kwa sababu siku yenyewe hakuna aliyekuwa akihesabu. Mmoja, wa miaka minane, alirushwa nje kupitia ukuta wa pembeni akaangukia mkono.

Mifupa yote miwili ya mkono chini ya kiwiko ilikuwa imevunjika. Alitibiwa, akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushika mfupa, akakaa nalo wiki sita. Kamati ilichanga gharama kutoka kwenye ile ile fedha ya vyoo. Kijana mwenye jumba nilipomuuliza habari ya bima alisema, "Bima ninayo, mama," akatoa simu akanionyesha. Ilikuwa bima ya kirikuu. Ilikuwa halali kabisa, haijaisha muda, na haikuhusiana kwa namna yoyote na kilichotokea. Bima ile inamlinda mtu anayegongwa na gari barabarani. Jumba likishashushwa kwenye gari na kusimamishwa uwanjani, gari halimo tena kwenye habari hiyo. Nilimweleza. Akasema ni bahati mbaya, upepo ni wa Mungu, akakunja vitu vyake.

Siku ya tatu mama wa yule mtoto alikuja nyumbani. Ni mdogo kwangu kwa umri, aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza kidogo. "Sijaja kudai hela, dada," alisema. "Ya hospitali mmechanga, wabheja sana. Nataka kujua kitu kimoja. Lile dude, wakati limesimama pale uwanjani na mwanangu yumo ndani, lilikuwa la nani? La yule kijana, la kamati, au la shule?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitalitafuta, naye akasema atasubiri. Makala hii ni sehemu ya jibu hilo.

Nilianza kwa mjomba wangu aliyevua sangara Igombe kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilimsimulia tukio lote, naye aliuliza swali moja tu: ukuta wa hilo jumba una ukubwa gani? Nikamwambia kama mita tatu kwenda juu na tano kwa upana. Akasema, "Basi hilo si turubai, mwanangu, hilo ni tanga. Mmesimamisha tanga nchi kavu bila nahodha."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Turubai la harusini lina paa tu. Upepo unapita chini yake. Jumba la hewa lina kuta, kuta zimejaa, na ndani hamna kitu kizito. Uzito wote wa jumba la kawaida haufiki mbali kuliko wa watu wazima wawili watatu. Ndivyo lilivyoumbwa: kitambaa kilichopakwa plastiki, kimeshonwa, hewa inavuja kwenye mishono muda wote na blowa inaijaza muda wote. Upepo nao una tabia ambayo wavuvi wanaijua kwa mikono yao na wahandisi wanaijua kwa hesabu: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayesema "mbona upepo umeongezeka kidogo tu" anasema kweli kuhusu kasi, lakini kamba zinasikia kitu kingine.

Wenzetu wa Ulaya wameliandikia jambo hili kiwango, kinaitwa EN 14960, na Uingereza wanakifuata. Nilipokisoma nilijisikia vibaya, kwa sababu kila mstari ulikuwa unaelezea uwanja wetu. Jumba la nje liwe na sehemu za kufungia zisizopungua sita. Sisi tulikuwa na nne. Kigingi kwenye udongo mgumu kiwe na urefu wa milimita 380 na unene wa milimita 16, kipigwe kwa kulalia upande ulio kinyume na jumba. Chetu kilikwenda shubiri moja. Pasipowezekana kupiga kigingi, kila sehemu ya kufungia ishikwe na uzito wa kilo 163. Hapo nilisimama. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko mitatu haifiki. Na hiyo ni kwa kamba moja, na kamba ni sita. Lile jiwe la vijana wanne lilikuwa zito machoni tu.

Kwa nini nakaa sana kwenye vigingi? Kwa sababu hapa kwetu ndipo pagumu. Mji wetu una ardhi za aina tatu: mawe yenye udongo mwembamba juu yake, mchanga wa ufukweni, na viwanja vilivyosakafiwa au kutandikwa pavingi. Kwenye jiwe kigingi hakiingii. Kwenye mchanga kinaingia kwa raha na kinatoka kwa raha hiyo hiyo. Kwenye pavingi hakuna mwenye ukumbi atakayekuruhusu kutoboa. Mtu anayekodisha majumba haya Mwanza akiwa na vigingi peke yake, hana vifaa vya Mwanza. Ukimpigia simu, kabla hujauliza bei, mwambie uwanja wako ukoje umuulize atafungia nini. Akijibu "tutaangalia tukifika," tafuta mwingine.

Upepo nao una mpaka wake. Uingereza hawaruhusu jumba kutumika upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia, anemometa, na mwenye kukodisha anapaswa kuwa nacho na kukitumia mara kwa mara siku nzima, siyo asubuhi tu. Lakini sisi tuna kipimo kingine bure. Kasi hiyo ya kilomita 38 ndiyo kikomo cha juu cha ngazi ya tano kwenye kipimo cha Beaufort cha mabaharia, na maelezo ya ngazi hiyo yanasema miti midogo yenye majani huanza kuyumba, na kwenye maji ya bara mawimbi madogo huanza kuvunjika na kutoa povu. Maji ya bara ndiyo ziwa letu. Mjomba anasema ziwa likianza kuonyesha meno, tanga linashuka. Ukiwa Kapripoint, Pasiansi au kilima chochote kinachotazama ziwa, unayaona hayo meno kwa macho. Na asubuhi ya tukio soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanautoa mpaka wa ziwani kwa ajili ya vyombo na wavuvi, na hakuna sababu kamati ya bonanza isiusome.

Chamchela, hata hivyo, haisubiri utabiri. Hili ndilo lililonipeleka mbali zaidi.

Tarehe 16 Desemba 2021, katika mji wa Devonport, kisiwani Tasmania, Australia, shule ya msingi ya Hillcrest ilikuwa inasherehekea kufunga mwaka. Upepo uliinua jumba la kurukia, na watoto sita walifariki. Upepo wenyewe ulikuwa chamchela, ile ile ya vumbi tunayoijua. Jumba lilikuwa limefungwa kwa vigingi vinne kati ya sehemu nane za kufungia. Niliposoma idadi hiyo nilifunga simu nikatoka nje.

Miaka mitano kabla, mwezi Machi 2016, katika mji wa Harlow, Uingereza, msichana wa miaka saba alifariki jumba lilipong'oka na kubiringishwa na upepo mita kama 300. Watu wawili waliokuwa wakiliendesha walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kila mmoja mwaka 2018, kwa kutolifunga ipasavyo na kutofuatilia hali ya hewa. Watafiti wa Marekani waliokusanya matukio ya upepo na majumba ya aina hii duniani kati ya mwaka 2000 na 2021 walipata vifo visivyopungua 28 na majeruhi zaidi ya 470. Hayo ni yale yaliyoandikwa mahali. Mkono wa mtoto wa jirani yangu haumo.

Sasa tazama tofauti ya kesi hizo mbili, kwa sababu ndani yake ndimo nilimopata jibu la yule mama. Harlow, mahakama ilisema watu walizembea na uzembe wao ulisababisha kifo. Devonport, mwaka 2025, mahakama ilimwachia mwenye jumba. Ilikubali kwamba hakulifunga inavyotakiwa, lakini ikaona chamchela ile ilikuwa na nguvu isiyoweza kutazamiwa, na huenda hata vigingi vyote visingeizuia. Sina haja ya kuwahukumu majaji wa nchi ya watu. Ninachokiona kama mtu wa bima ni hiki: familia moja inaweza kuumia sawasawa na nyingine, halafu sheria ikasema kwa hawa yupo aliyekosea, na kwa hawa hayupo.

Bima ya dhima inasimama juu ya swali hilo. Mwenye jumba akikata bima ya dhima kwa umma, kampuni inaahidi kumlipia pale anapowajibika kisheria kwa kumuumiza mtu au kuharibu mali ya mtu. Ni bima nzuri na ni ya lazima kwa mtu yeyote anayepokea fedha za watu kwa kazi hii, hata kama trafiki haikagui. Lakini inamlinda yeye kwanza, na inaanza kwa kuuliza: nani amekosea? Akionekana hajakosea, hailipi. Na hata akiwa amekosea, majibizano yanaweza kuchukua miezi, huku mtoto anahitaji hogo leo.

Ipo nyingine, inaitwa bima ya ajali binafsi ya kundi. Hii kamati inaweza kuikata kwa siku moja, kwa idadi fulani ya washiriki. Haimtafuti mkosaji. Inauliza: nani ameumia, ameumia kiasi gani? Inalipa matibabu mpaka kiwango mlichokubaliana, na fidia ya ulemavu au kifo kwa viwango vilivyoandikwa. Chamchela ikija, inalipa. Mtoto akijikwaa mwenyewe, inalipa. Viwango vyake ni vidogo kuliko vya dhima, ndiyo. Lakini ndiyo bima ambayo ingeacha fedha ya vyoo ikabaki ya vyoo.

Kwa hiyo nilipomrudia mama yule nilimwambia: lile dude lilikuwa la yule kijana kwa kulifunga vibaya, na lilikuwa la kamati kwa kumlipa na kumwacha alifunge vibaya huku katibu akiangalia. Kamati ndiyo iliyowaita watoto. Kibao cha "kila mtu anacheza kwa hatari yake mwenyewe," ambacho nimekiona kwenye viwanja kadhaa, hakiondoi wajibu huo. Mtoto wa miaka minane hawezi kuingia mkataba na mtu yeyote, achilia mbali mkataba wa kubeba hatari ya kigingi asichokiona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na mwakani?"

Mwaka uliofuata nilikwenda kutafuta bima hizo mwenyewe, kwa niaba ya kamati. Kampuni mbili zilinijibu kwamba hazichukui mambo ya watoto na majumba ya hewa. Ya tatu ilikubali, baada ya maswali mengi, na maswali yenyewe yalikuwa mazuri: uwanja ni wa aina gani, nani atasimama mlangoni, jumba limekaguliwa lini. Niliwajibu kweli tupu, pamoja na habari ya mwaka uliopita. Bima imejengwa juu ya kuambiana ukweli. Ukificha jiwe lililo chini ya uwanja, siku ya madai wao ndio watakaokuonyesha hilo jiwe.

Mwenye jumba mpya tuliyemtafuta alikuwa na hati ya dhima, na hapo nataka msomaji aweke umakini, kwa sababu karatasi inaweza kuwa ya kweli na isikusaidie. Niliisoma mstari kwa mstari. Biashara inayolindwa ilikuwa imeandikwa "kukodisha viti, meza na maturubai." Majumba ya kurukia hayakutajwa kabisa. Aliyanunua baadaye na hakuwahi kuiambia kampuni. Hakuwa mwongo; hakujua tu. Alirudi kwa wakala wake, wakamwongezea, akalipa tofauti. Tazama pia tarehe: bima ianze tangu anaposhusha vitu, siyo tangu mgeni rasmi anapofika. Tazama kikomo cha fidia kwa tukio moja, na kiasi ambacho mwenye bima anajibebea mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Tazama masharti, maana kampuni ikiandika kwamba jumba lisitumike upepo ukizidi kiwango fulani, au lisimamiwe na mtu mzima, sharti hilo likivunjwa karatasi inaweza kuwa karatasi tu. Na ada iwe imelipwa kweli. Sheria yetu haitambui bima ya mkopo. Kama ada haijalipwa, bima haijaanza. Jina la kampuni na la wakala unaweza kulihakiki TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na mkigombana kwenye madai yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo.

Ada zote mbili, ya kamati kwa siku moja na nyongeza ya yule bwana, zikijumlishwa hazikufika tulichomlipa MC. Silisemi hilo ili uje ununue kwangu. Nenda kwa wakala yeyote mwenye leseni.

Yapo mengine ambayo hayahitaji karatasi. Viatu, miwani, peremende mdomoni, vyote vibaki nje. Watoto wakubwa na wadogo wasichanganywe, kwa sababu mtoto wa darasa la saba akimwangukia wa chekechea, ulaini wa sakafu haumsaidii aliye chini. Majumba mengi huja na bandiko la kiwandani linaloonyesha urefu na idadi ya watoto. Kama limefutika, mwenye jumba akuambie idadi na aiandike kwenye mkataba. Sisi watu wa ziwa hili hatupaswi kukumbushwa habari ya idadi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, kimepakia kupita uwezo wake, na watu 228 walifariki. Nimezika ndugu kutoka Ukerewe. Tangu hapo kila ninapoona mlango ambao watu wanaingia bila kuhesabiwa, moyo wangu haukai.

Ndiyo maana msimamizi wa mlangoni lazima awe mtu mzima ambaye kazi yake ni hiyo tu. Mwaka ule kijana mmoja alikuwa anapokea fedha, anarudisha chenji, anaangalia simu na anaangalia watoto. Watoto walikuwa wa nne kwenye orodha yake. Na huyo msimamizi ajue la kufanya blowa ikizima. Umeme ukikatika au jenereta likiisha mafuta, jumba halipasuki, linalegea polepole na kuta zinaanza kulala juu ya waliomo. Kuna muda wa kuwatoa wote kama mtu amesimama mlangoni, na hakuna muda kama amekwenda kununua soda. Jenereta ijazwe mafuta ikiwa imezimwa na jumba likiwa tupu. Sisi tuliweka ya pili pembeni, tayari.

Bonanza la pili tulilifanya uwanja ule ule, wenye mawe yale yale. Mchanga wa kujengea vyoo ulikuwa umeshamwagwa nyuma ya shule, tukaomba tuuazime. Tulijaza viroba 18 na kuvipeleka kwa mfanyabiashara wa mpunga jirani atupimie kwenye mizani yake, kilo 55 kila kimoja, vitatu kwa kila kamba, vimefungwa pamoja visiachane. Jumla yake ni tani moja kasoro kilo kumi. Vijana walilalamika sana kuvibeba. Yule mtoto, mkono wake umepona ila bado anauinua kwa uangalifu, alijipa kazi ya kuhesabu viroba, akawarudisha wakubwa mara mbili kwa sababu kona moja ilikuwa na viwili.

Saa nane mchana mjomba, aliyekuwa ameketi kivulini akitazama ziwa, alinyanyua mkono. Meno yalikuwa yameanza kuonekana upande wa Saanane. Anemometa ilikuwa inasoma kilomita 31. Tulikuwa hatujafika mpaka, lakini mwenye jumba hakubishana. Alitoa watoto, akazima blowa, na minara ikalala. Foleni ya watoto 20 ilinuna. Tuliwarudishia shilingi zao. Saa kumi kasoro ziwa lilitulia, tukalisimamisha tena.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla mtoto yeyote hajaingia, mama wa yule mtoto alikuwa amefika wa kwanza getini, na mdogo wake mgongoni. Hakunisalimia kwanza. Alinyoosha mkono, "Dada, karatasi." Nilimpa hati zote mbili. Alizisoma akiwa amesimama, polepole, akanyoosha kidole kwenye tarehe, kisha kwenye neno "majumba ya kurukia," kisha akazunguka kona zote sita akagusa kila fundo kwa mkono wake. Aliporudi alinikabidhi hati, akainama, akaanza kumfungua mwanawe kamba za viatu.